Suala Gumu la Sayansi na Namna ya Kulikabili

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, Mwenye elimu yote, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa hapa hapa pwani ambaye wazazi wake wamehamia Sagana kwa ajili ya biashara, ametuletea barua. Yuko kidato cha tatu katika skuli ya huko bara, chini ya Mlima Kenya. Asema kuwa mwalimu aliwachemshia maji mbele ya darasa, akatia kipimajoto, na maji yalipokuwa yakitokota sana kipimajoto kilisoma digrii 96. Kisha akawauliza: "Kitabu chasema maji huchemka kwa digrii 100. Je, kitabu kimekosea, au kipimajoto kimeharibika, au kuna sababu nyingine? Na kwa nini maharagwe huchukua muda mrefu zaidi kuiva hapa kuliko Mombasa?"

Kijana wetu akajibu kwamba Sagana kuna baridi, na baridi ndiyo iliyozuia maji kufika mia. Akapewa sifuri, na wenzake wakamcheka. Sasa anataka kuiacha fizikia kabisa. Na jamaa zake wa Mombasa, walipopata khabari hiyo, wamemwambia aje likizo anyweshwe kombe ili akili ifunguke. Atuuliza mambo mawili: jawabu la suala lile ni lipi, na mtu afanye nini anapoletewa suala ambalo haoni kichwa chake wala miguu yake.

Tumeona barua hii isijibiwe faraghani, kwa sababu shida ya kijana huyu ni shida ya watoto wetu wengi, na aibu yake ni aibu yetu sote. Kwa hivyo tumeifanya kuwa darsa.

Kwanza: Kukosea si dalili ya upungufu wa akili

Mpendwa mwanafunzi, jawabu lako halikuwa la upuuzi. Uliona jambo la kweli, nalo ni kwamba Sagana kuna baridi kuliko Mombasa. Ukaona jambo la pili la kweli, kwamba maji yamechemka chini ya mia. Kosa lako ni kuyafunga mambo mawili kwa kamba moja kabla ya kuthibitisha kuwa hilo limeletwa na hili. Kosa hili wamelifanya wanazuoni wakubwa. Kwa muda wa karne nyingi watu wenye elimu waliamini kuwa jicho hutoa miale yake likaenda kugusa vitu, mpaka alipokuja Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa kiasi cha mwaka 965, aliyefariki Misri kiasi cha mwaka 1040. Yeye akaonyesha katika Kitabu cha Manadhir kwamba nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni. Tena aliandika kitabu kizima cha kutaja mashaka yake juu ya Batlamyus, ambaye watu walikuwa wakimpokea bila ya kumhoji. Hakumtukana Batlamyus. Alimhoji kwa hoja, na hiyo ndiyo adabu ya elimu.

Basi sifuri yako uichukue kama mtu achukuavyo khabari kwamba njia hii haifiki. Msafiri aliyeambiwa hivyo hageuki kurudi kwao. Huuliza njia nyingine.

Pili: Litenge suala kabla ya kulijibu

Wengi wa wanafunzi husoma suala mara moja, wakaona neno wanalolijua, wakarukia jawabu. Hii ni pupa, na mwenye pupa hadiriki kula tamu. Lisome suala mara mbili, kisha chukua karatasi uandike mafungu matatu: nimepewa nini, naulizwa nini, na kuna jambo gani lisilotajwa ambalo lazima nilijue.

Njia hii si ngeni kwetu. Mwanafunzi aliyesoma mirathi chuoni huifanya kila siku. Mtu amekufa, ameacha mke, mtoto mmoja mwanamume na mtoto mmoja mwanamke. Mwanafunzi wa faraidhi hakimbilii kugawa. Hutazama kwanza ni nani warithi. Kisha huona kwamba mke, kwa kuwa pana watoto, fungu lake ni thumni. Kisha huona kuwa kilichobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ndipo hutafuta hesabu itakayogawika bila ya kuvunjika, nayo ni 24: mke 3, mwanamume 14, mwanamke 7. Na mwisho hujumlisha: 3 na 14 na 7 ni 24, akajua kuwa hakumdhulumu mtu. Ewe mwanafunzi, ukiweza haya unaiweza fizikia. Aliyekwambia kwamba kichwa cha mtoto wa chuoni hakifai kwa sayansi hakujua chuo wala hakujua sayansi.

Sasa tulitenge suala la Sagana. Tumepewa maji yanayochemka, kipimo cha digrii 96, na mahali. Twaulizwa sababu. Kitu kisichotajwa ni hiki: mahali pale pana tofauti gani na Mombasa? Wewe ulitaja tofauti moja, ukaacha nyingine zote. Andika zote unazozijua. Sagana kuna baridi. Sagana iko mbali na bahari. Maji yake ni ya mto. Na Sagana iko juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ukiisha kuziandika hivyo, hutaweza tena kudanganywa na ile ya kwanza iliyokujia.

Tatu: Jihadhari na maneno

Twasomeshwa sayansi kwa lugha ya kigeni, na fikira zetu ni za lugha yetu. Hapo hapana budi mambo mengine kupotea njiani. Katika mazungumzo yetu neno "joto" hubeba maana mbili. Twasema "maji haya yana joto" kwa maana ya ukali wake, yaani zile digrii za kipimajoto. Na twasema "moto umetoa joto" kwa maana ya ile nguvu inayotoka kwenye moto ikaingia kwenye sufuria. Katika sayansi hivi ni vitu viwili mbalimbali. Maji yanapokuwa yakitokota, moto waendelea kuyapa joto kila dakika, na hali digrii zake hazipandi hata moja. Joto lote lile latumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Kwa hivyo mpishi anayeongeza kuni chini ya chungu kinachotokota haivishi chakula upesi. Amaliza maji na kuni zake tu.

Vivyo hivyo "kazi" na "uzito" na "nguvu". Kila unapokutana na neno la namna hii, uliza: hapa lina maana ya sokoni au maana ya kitabuni? Andika maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe. Usipoweza kulisema jambo kwa lugha ya mama yako, bado hujalifahamu, umelihifadhi tu.

Nne: Geuza jambo moja, uache mengine

Hapa ndipo penye kiini cha elimu hii. Umedhani kuwa baridi ndiyo sababu. Vema, dhana si dhambi, bali ni mlango. Lakini dhana haina budi ipelekwe mahakamani. Chemsha maji papo hapo Sagana alfajiri penye baridi kali, uandike kipimo. Kisha chemsha maji yale yale, kwa sufuria ile ile na kipimajoto kile kile, saa saba mchana jua likiwa kali. Kama baridi ndiyo mwenye kosa, mchana kipimo kitapanda kikakaribia mia. Utakuta hakipandi, kitabaki pale pale kwenye 96 au karibu yake sana. Basi baridi imeshinda kesi, imetoka haina hatia.

Vivyo hivyo fanya kwa maji ya mto. Chukua chupa ya maji safi ya Mombasa uyachemshe Sagana: 96. Chukua ya Sagana uyachemshe Mombasa: 100. Kwa hivyo si maji. Kipimajoto nacho kipeleke Mombasa ukione kinasoma mia, si kibovu. Washitakiwa wameondoka mmoja mmoja, amebaki mmoja tu: kwenda juu.

Na kwenda juu kunaleta nini? Hewa ina uzito. Sisi wa pwani tunaishi katika shina la bahari ya hewa, nayo yote yatukandamiza. Mtu wa Sagana amekwisha kuliacha chini yake tabaka la hewa la mita 1,200, kwa hivyo mkandamizo ulio juu yake ni mdogo zaidi. Na kuchemka maana yake ni mvuke kupata nguvu ya kutosha kufanya mapovu ndani ya maji na kuisukuma hewa iliyo juu. Hewa ikiwa nzito, mvuke wahitaji digrii nyingi ili uishinde. Ikiwa nyepesi, huishinda mapema. Kwa kadirio, kila unapopanda mita 300 kiwango cha kuchemka hushuka digrii moja. Gawa 1,200 kwa 300 upate 4. Toa 4 katika 100 upate 96. Mwalimu wako alisoma 96. Hesabu na jaribio vimepeana mikono.

Jawabu la maharagwe lafuata lenyewe. Maharagwe hayaivi kwa kutokota, huiva kwa digrii. Maji ya Sagana yatokota kwa kelele ile ile ya Mombasa, lakini kwa digrii 4 pungufu, basi kazi ya kulainisha punje huenda polepole. Na ndiyo maana ya sufuria ya presha: huufunga mvuke ndani, mkandamizo ukapanda, maji yakafika kiasi cha digrii 120 kabla ya kuchemka. Ama kule kileleni mwa Mlima Kenya, mita 5,199, maji huchemka kiasi cha digrii 83 tu.

Tano: Usikimbie hesabu, wala usiipapie

Masuala ya hesabu huwatisha wengi. Dawa yake ni kuandika vipimo pamoja na nambari, tena kukisia kabla ya kuhesabu. Tuchukue mfano wa kutunga wa mto wa Sagana, ambao maji yake huingia Tana na mwisho wake hutufikia sisi wenyewe Kipini. Tuseme kila sekunde kilo 2,000 za maji huanguka mita 20 juu ya mtambo wa umeme. Nguvu yake ni kiasi gani?

Andika: kilo 2,000 mara mvuto wa ardhi, ambao ni kiasi cha 10, mara mita 20. Jawabu ni 400,000 kwa kila sekunde, yaani wati 400,000, au kilowati 400. Kisha jiulize: je, yaingia akilini? Birika la umeme la nyumbani hutumia kiasi cha kilowati 2. Basi maporomoko haya, lau hayakupoteza kitu, yangechemsha mabirika 200 kwa pamoja. Hilo laelekea. Lakini lau ungepata jawabu la birika moja, au la mabirika milioni, ungejua papo hapo kuwa umeacha sifuri mahali au umeiongeza. Mwanafunzi wa mirathi hujumlisha mafungu yake kabla ya kumpa kadhi. Nawe pima jawabu lako kabla ya kumpa mwalimu.

Sita: Uliza, na uulize kwa adabu na kwa ushupavu

Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Basi sikilizeni kisa cha kijana wa Kiafrika ambaye jina lake leo latajwa katika vyuo vikuu vya ulimwengu. Mwaka 1963, katika skuli ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, kulikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba (na Mpemba hapa ni jina lake, si nisba ya kisiwa). Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa na sukari, wakiyapoza, kisha wakiyatia katika friji yagande yawe aiskrimu. Siku moja nafasi ilikuwa karibu kwisha, naye akayatia yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu akakuta yake yameganda, na ya mwenzake aliyetia yasiyochemshwa bado hayajaganda.

Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokwenda skuli ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akafanyiwa mzaha mbele ya darasa. Hakugombana, wala hakunyamaza. Alichukua vyombo viwili akarudia jaribio lake mwenyewe. Kisha skuli ilipotembelewa na Daktari Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, akasimama akamwuliza suala lile lile. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, aliahidi kujaribu, akajaribu, na mwaka 1969 wakaandika pamoja makala katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Leo jambo hilo laitwa kwa jina la mwanafunzi, si kwa jina la daktari.

Tazameni mambo mawili hapa. La kwanza, suala lake lilikuwa la namna nzuri: hakusema "sielewi", bali alitaja alichokifanya, alichokiona, na pale alipokwama. Nawe ukimwendea mwalimu sema hivi: "Nimefika mpaka hapa, hatua hii ndiyo iliyonishinda." Mwalimu hawezi kumfungulia mlango asiyejua amesimama mlango gani. La pili, wataalamu mpaka leo hawajaafikiana. Wako wanaosema sababu ni mvuke unaopotea, wako wanaosema ni mzunguko wa maji ndani ya chombo, na mwaka 2016 wako waliopima kwa makini wakasema hawakuona dalili ya kutosha kuwa jambo hili hutokea. Hayo hayampunguzii Mpemba heshima yake. Elimu haimtaki mwanafunzi awe amepatia kila mara; yamtaka aseme kweli ya alichokiona, na akubali kupimwa.

Saba: Khabari ya kombe

Sasa twasema na jamaa wa kijana huyu, na kila mzazi anayepeleka sahani ya zafarani kwa mwanawe siku ya mtihani.

Sisi hatuipingi dua. Dua ni ibada, na Mwislamu ameamrishwa kumwomba Mola wake amzidishie elimu. Tunachokikataa ni kufanya maandishi yaliyooshwa kwa maji kuwa badala ya kazi, na mtu kuyauza na mwingine kuyanunua. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu. Akaamrishwa afanye yote mawili: amfunge, na ategemee. Basi anayekunywa kombe na kitabu hajakifungua amemwacha ngamia jangwani.

Na madhara yake si ya fedha peke yake. Mtoto akifaulu, atasema ni kombe, asijue nguvu yake mwenyewe. Akianguka, atasema amerogwa au kombe halikushika, asitafute kosa lake. Kwa hali zote mbili hafundiki. Laiti fedha zile zingenunua kipimajoto na daftari!

Wako pia wanaosema kuwa sayansi humtoa mtu katika dini. Twawauliza: manahodha wetu waliposoma nyota na kuzijua kusi na kaskazi walitoka katika dini? Wavuvi wetu wanaojua kuwa maji ya bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wamekufuru? Daktari Mwislamu, tena daktari mwanamke wa kuwatibu mama zetu, atatoka wapi ikiwa kila mtoto akipata sifuri moja twamwambia aache? Basi msiwaache mabinti nyuma katika jambo hili. Wanayo haja nalo, na sisi tuna haja nao.

Mwisho

Ewe mwanafunzi wa Sagana, usiiache fizikia. Likizo njoo nyumbani, uwaone wazee, lakini uje na daftari. Kusanya wenzako watatu au wanne mfanye mudhakara kama tunavyofanya katika fiqhi: mmoja aeleze, mmoja apinge, mmoja aandike, kisha mbadilishane. Atakayeweza kumfahamisha mwenzake ndiye aliyefahamu.

Na ili darsa isiishe kwa maneno, haya ni masuala mawili ya kufanyia kazi. La kwanza: mji wa Nyeri uko kiasi cha mita 1,750, kisia maji yake yatachemka kwa digrii ngapi, na ueleze kwa nini. La pili: samaki aina ya trauti huishi katika mito ya baridi ya Mlima Kenya, na katika mabwawa ya Sagana, yenye maji ya vuguvugu zaidi, hufugwa perege na kambare. Maji ya baridi na maji ya vuguvugu, ni yapi yanayobeba hewa nyingi zaidi ndani yake, na utajaribuje kulithibitisha hilo kwa gilasi mbili za maji? Tenga lililotolewa na lililoulizwa, geuza jambo moja uache mengine, na ukikwama utwambie umekwama wapi.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atuepushe na uvivu unaojiita tawakali. Amin.